Sina Hasira na Pikapu ya Marehemu Elijah

Voi,
Jumatatu, tarehe 13 Mei 1957.

Kwa Mzee Timotheo,
Mwanda, Taita.
(Kwa mkono wa Mwalimu Bernard, ambaye naomba asiifungue njiani.)

Mkwe wangu Mheshimiwa,

KUHUSU: KUTASA JUU YA PIKAPU, NA KWA NINI NIMEWEKWA WA KWANZA

Nakuamkia kwa heshima zote, nikiwa nimekaa mezani na shati safi, maana barua ya kwenda kwa wakwe haiandikwi na mtu aliyevaa fulana. Huku kwetu hatujambo. Wakesho, binti wa marehemu kaka yako Elijah, hajambo. Watoto hawajambo. Mvua imetunyeshea siku tatu mfululizo. Mimi mwenyewe sijambo pia, ingawa hakuna aliyeuliza.

Mzee, habari uliyoituma nimeipata. Mwalimu Bernard alinikuta stesheni Ijumaa, nikiandika magunia ya viazi, akanieleza mbele ya makuli wawili kwamba wewe na wazee wenzako mtashuka Voi Jumamosi hii kuja kutasa katika boma langu. Sababu ni kwamba pikapu ya marehemu Mzee Elijah imekataa kuwaka tangu mwezi wa pili, na huko juu mmekubaliana kwamba motokaa ya marehemu haikatai hivi hivi tu. Lazima kuna mtu wa jamaa aliyeficha hasira moyoni. Kwa hiyo kila mmoja wetu atapewa maji ya miwa, ajaze mdomo, ayapulize juu ya boneti, na aseme mbele ya watu kwamba kama alikuwa na kinyongo, basi kimetoka.

Utaratibu huo naujua vizuri. Mimi ni Mtaita wa Mghange, sikuokotwa kwenye reli. Nikiwa mdogo nilimwona nyanya yangu akitasa juu ya ng'ombe aliyekataa kutoa maziwa, na ng'ombe yule alikamuliwa jioni ile ile. Nakushukuru pia kwa kulifikiria kanisa, ukasema miwa itakuwa mibichi, isiwe mbangara, ile pombe yake, ili mchungaji akipita asiwe na la kuuliza.

Lakini nilipomwuliza Bernard nani atakayeanza, alitazama chini akasema wazee wametaja Fanuel. Yaani mimi! Jamani, katika ukoo mzima, wenye kaka watano waliogombana juu ya miti ya mikaratusi mpaka wakafika barazani kwa chifu, mtu wa kwanza kutema hasira ni mkwe, tena mpole, tena karani?

Mzee, sina hasira. Narudia kwa herufi kubwa, ili atakayekusomea apaze sauti: SINA HASIRA. Na ili uone jinsi moyo wangu ulivyo mweupe, nimeandika hapa chini maelezo machache kwa namba, kama tunavyofanya ofisini. Si malalamiko. Ni maelezo.

1. Kuhusu jinsi pikapu ilivyoingia kwangu. Marehemu alipofariki mwaka wa 1952 mligawana mashamba, miti na ng'ombe, na pikapu ikabaki pale nyuma ya ghala ikitagiwa na kuku. Hakuna aliyeitaka. Binti yenu akasema ataichukua yeye, kwa siku mbili tatu hivi, mpaka apatikane mtu wa kununua chuma. Hizo siku mbili tatu sasa ni miaka miwili na miezi mitatu. Iliteremshwa kutoka Mwanda ikivutwa kwa kamba nyuma ya lori la kabeji. Binti yenu alikaa kwenye usukani, kitambaa cheupe kichwani, akiwapungia watu mkono kama mke wa D.C. Mimi nilifuata nyuma na baiskeli. Mzee, barabara ile unaijua, na vumbi lake unalijua. Nililimeza lote, la lori na la pikapu, mpaka Voi. Sikukasirika. Nilikohoa siku nne, basi.

2. Kuhusu kunde. Nyuma ya nyumba nilikuwa na tuta la kunde nililolipanda kwa mikono yangu mwenyewe, ndilo shamba pekee ambalo karani anaweza kulihudumia baada ya kazi. Pikapu iliegeshwa juu yake kwa alasiri moja, mpaka patafutwe mahali. Mahali hapajatafutwa. Zile kunde zilizopona zimepanda juu ya bampa ya mbele, na nikienda kuchuma majani naambiwa niombe ruhusa, kwa sababu rangi haijakauka. Naomba ruhusa kwa motokaa ili nile kunde zangu. Sawa tu.

3. Kuhusu kazi za mapumziko. Wake za wenzangu, walio pamoja na Wakesho katika Umoja wa Akina Mama, wakipumzika hufuma vitambaa. Ukienda kwa jirani yetu Mama Susan, hata redio imevaa kitambaa, hata mtungi umevaa. Binti yenu akipumzika analala chali chini ya chuma na spana mdomoni. Kitambaa tunacho kimoja, na juu ya kitambaa hicho, katikati ya meza ya wageni, kwa muda wa miezi minne kulikuwa na kabureta. Mchungaji alipotutembelea aliitazama kwa muda mrefu, akasifu birika letu la kisasa, akauliza kama chai iko tayari. Nilisema iko tayari.

Nikimwuliza Wakesho motokaa hii ni ya kazi gani, hasemi biashara, hasemi safari. Anasema anataka tu kuisikia tena. Eti mlio wake ndio uliokuwa ukimwamsha alfajiri akiwa msichana, baba yake akipakia mboga za kuteremsha stesheni, na yeye akiruka kitandani ili asiachwe. Hilo ndilo jibu. Mtu atazame injini kwa miaka miwili, apasue vidole, anuke mafuta ya taa hata kanisani, kwa sababu ya mlio. Mimi nilirudi kwenye makaratasi yangu, maana habari za marehemu si za kubishania.

4. Namba hii nimeifuta. Ilihusu Musyimi, fundi wa karakana ya reli, na nimeona si haki kumwandika mtu kwa wakwe. Nataka tu ijulikane kwamba Musyimi ni Mkamba mstaarabu, huja Jumamosi pamoja na mkewe Nduku, na hakuna ubaya wowote, astaghafiru. Ninachosema ni kwamba yeye humwita binti yenu "fundi". Makuli wakasikia. Sasa stesheni nzima, nikipita na makaratasi yangu, husema bwana wa fundi huyo anapita. Mzee, mimi ni karani wa mizigo daraja la pili. Nimesomea. Nina mhuri.

5. Kuhusu beberu. Ulituletea mwenyewe, yule mweupe mwenye doa sikioni, na nilikuwa nikimlea kwa ajili ya Krismasi. Mwezi wa kumi na moja binti yenu aliondoka naye asubuhi kwa miguu kwenda Marungu, akisema anampeleka kuona majani. Jioni alirudi akibingirisha gurudumu. Krismasi tulikula wali na maharagwe, na watoto waliimba vizuri. Nilitoka nje nikalitazama lile gurudumu, kisha nikarudi ndani.

6. Kuhusu koti langu. Nilikuwa na koti la kazi, kaki, la zamani lakini zima, nililolivaa siku ile ya kwanza nilipopanda Mwanda kuja kuulizia habari za binti yenu. Utalikumbuka, kwa sababu mlinicheka kwamba mikono yake inafika kwenye vidole. Mwezi wa Januari nililitafuta, sikuliona. Nililiona baada ya siku mbili, likiwa limetandikwa na kushonwa kwenye kiti cha pikapu, kola na vyote. Nilipouliza, niliambiwa kitambaa kile ni kigumu na kinafaa. Kinafaa! Koti lililomwoa sasa linakaliwa.

7. Kuhusu malezi. Mtoto wetu Mbeyu, wa miaka sita, aliambiwa katika shule ya Jumapili azitaje Injili nne. Alisimama wima, mikono nyuma, akasema Mathayo, Marko, Kabureta na Yohana. Mwalimu wa Jumapili alinitazama mimi. Nikamtazama Wakesho. Wakesho alikuwa anacheka mpaka machozi, na watu wote wakaanza kucheka, na ibada ikachelewa. Sisemi kitu. Naandika tu.

8. Kuhusu baiskeli. Hapa, Mzee, unisamehe, nitataja mambo ambayo mtu hayataji kwa wakwe.

Unajua kwamba baiskeli yangu ndiyo iliyonileta kwenu. Niliisukuma mlima mzima kutoka chini, kwa maana Mwanda hapapandiki kwa pedali, ili tu ionekane pale uani kwenu kwamba huyu kijana ana kitu. Tangu tuoane, kila Jumapili Wakesho amekuwa akikaa kwenye karia, miguu upande mmoja, nami namwendesha kanisani. Hushika koti langu kwa nyuma. Tukifika kwenye mtelemko wa karibu na daraja hunipiga mgongoni niende polepole, nami huwa siendi polepole, naye hupiga kelele. Ni hivyo tu. Kwa dakika ishirini kila wiki mimi ndiye dereva, na ndiye anayejua njia.

Jumapili tarehe 3 Februari, baada ya ibada, pikapu iliwaka. Sitakudanganya, ilikuwa ajabu. Ilikohoa moshi wa buluu, ikatikisika kama mtu mwenye homa, kisha ikatulia ikaanza kuimba. Watu walitoka majumbani. Musyimi alirusha kofia. Wakesho alishuka kwenye usukani huku analia na kucheka pamoja, mikono imejaa grisi, akamkumbatia Nduku, akamkumbatia Mama Susan, akamkumbatia hata mama wa maziwa ambaye hatumjui jina. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tangi la maji, nimevaa suti. Alinipita. Mama Susan akauliza sasa safari ya kwanza nani atapanda, na Wakesho akataja mama yake, akataja watoto, akamtaja Mama Susan mwenyewe. Mtu mmoja akauliza, na Fanuel je? Akajibu huku akipangusa mikono, bila hata kugeuka, kwamba Fanuel ana baiskeli yake.

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilicheka vizuri sana, muulize yeyote.

9. Kuhusu ugonjwa wenyewe. Kesho yake, Jumatatu, pikapu haikuwaka. Sijui ni kwa nini. Mimi si fundi, kama stesheni nzima inavyojua. Ninaloliona la ajabu ni hili: binti yenu, ambaye ameifungua ile injini mara arobaini kwa sababu ya kutu kidogo tu, alifungua boneti siku ile mara moja, akatazama ndani kitambo, akaifunga polepole. Tangu hapo hajaifungua tena. Hakumwita Musyimi. Hakutuma mtu Mombasa kutafuta spea. Anaiosha, anaipangusa vioo, halafu anakaa kwenye madigadi na kikombe cha chai na kunitazama mimi nikinywa changu. Nikimwuliza kwa nini hatafuti ubovu, anajibu kwamba ugonjwa huu si wa spana, kuna mtu ana kitu moyoni. Kila siku. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Ukila naye, anakupa mboga na kukutazama. Mtu hata hawezi kumeza.

Na tukiwa bado hapo kwenye namba tisa, baiskeli nayo ilipata pancha wiki ile ile. Kwa miezi mitatu sasa naenda kazini kwa miguu, na kanisani tunakwenda kwa miguu, sote kwa mstari, mimi mbele na yeye nyuma kama watu wasiojuana. Hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kuuliza kwa nini baiskeli haizibwi kiraka.

Hayo ndiyo maelezo. Nimeyasoma tena tangu mwanzo na sikuona hasira hata mahali pamoja. Kwa sababu hiyo naleta maombi matatu mbele ya wazee.

Ombi la kwanza, jina langu litolewe mwanzo wa orodha, liwekwe mwisho, au lisiwekwe kabisa. Mtu aliyevumilia namba moja mpaka tisa, ukiacha ya nne iliyofutwa, hapewi miwa. Anapewa kiti.

Ombi la pili, na hili nimelifikiria sana, pikapu yenyewe itase. Msicheke, wazee wangu. Hebu tulitazame jambo hili kwa haki. Kama kuna mwenye hasira katika boma hili ni nani? Mimi sijamkosea mtu. Pikapu imekanyaga kunde zangu, imemla beberu wangu, imevaa koti langu, imeingia katika Injili, na mwezi wa kwanza ilinimwagia mafuta meusi kwenye shati la Jumapili nikiwa napita tu, sijaigusa. Huo si kinyongo? Iliachiwa kuku miaka mitatu, hakuna mtoto hata mmoja wa marehemu aliyeisalimia; kiumbe yeyote angekasirika. Na mkiniuliza motokaa itatasaje, nawajibu kwamba mdomo inao. Mkikifungua kifuniko cha rejeta maji yakiwa moto, inatema mbali na kwa nguvu kuliko mzee yeyote wa Mwanda, pamoja na wewe, kwa heshima. Ijazwe maji ya miwa, itiwe moto, iteme mbele ya watu, na ikitema tutajua imeridhika. Maneno ya kusema, maana yenyewe haisemi, aseme Musyimi kwa niaba yake, kwa kuwa yeye ndiye rafiki yake.

Ombi la tatu, ikikataa kutasa, basi irudishwe Mwanda kwa kamba ile ile, ikakae na kuku wake, na siku hiyo mimi na baiskeli yangu turuhusiwe kutangulia mbele.

Namalizia hapa kwa sababu karatasi za ofisi zinakwisha. Nisalimie mama mkwe wangu, na umwambie dawa ya kifua aliyonipa baada ya lile vumbi ilinifaa. Wasalimie kaka zake Wakesho wote watano, hata wale wasioongea. Wasalimie wazee watakaoshuka pamoja nawe. Msalimie mbwa wako, ambaye siku ya posa yangu ndiye pekee aliyenipokea vizuri.

Ni mimi, mkwe wako mtiifu na asiye na hasira,

Fanuel Mwandawiro,
Karani wa Mizigo, Daraja la Pili.

Nyongeza. Mzee, barua ilikuwa imekwisha, na nilikuwa nataka kuifunga. Bahasha hii ni ya zamani, gundi yake imekauka. Gundi nyingine katika nyumba hii ni ile solusheni ya kuzibia pancha, nayo imo katika mkebe wangu wa viraka vya baiskeli, juu ya kabati. Mkebe huo sijaufungua tangu tarehe 4 Februari. Sasa lazima nikuambie ni kwa nini.

Ndani ya injini kuna kifuniko cheusi, na ndani ya kifuniko kuna kidude kidogo, kama ukubwa wa kidole gumba, chenye ncha ya shaba. Kinazunguka na kugawa moto kwa plagi. Musyimi hukiita rota. Bila hicho, motokaa inaweza kutaswa mpaka miwa ya Taita iishe, na haitawaka. Jumatatu ile, kabla ya kwenda kazini, nilikichomoa. Nilikuwa nimemwona Musyimi akifanya hivyo mara nyingi, si kazi ngumu. Nikakitupa katika mkebe, na vumbi lake na masizi yake, chini ya viraka.

Sikutaka kuiharibu. Nilidhani ni wiki moja tu. Nilidhani motokaa ikinyamaza kidogo, mtu ataingia ndani, tutakaa tuzungumze kama zamani, na Jumapili atapanda karia. Badala yake alikaa nje zaidi. Halafu ikaja pancha, na kiraka kimo katika mkebe, na katika mkebe kimo kile kidude, nami nikawa siwezi kuufungua kwa sababu nikiufungua nitaona nilichofanya. Ndiyo maana natembea kwa miguu. Miezi mitatu, Mzee, kutoka nyumbani mpaka stesheni, mvua na jua.

Leo nimeufungua kwa sababu ya barua hii. Rota imo. Lakini haiko kama nilivyoitupa. Imeoshwa. Shaba yake imepigwa msasa mpaka inang'aa kama pete. Na imefungwa katika kipande cha kaki chenye kifungo, ambacho nimekitambua mara moja, ni mfuko wa koti langu.

Kwa hiyo anajua. Amejua tangu siku ile alipofungua boneti na kutazama ndani, kwa sababu pale pengo linaonekana hata na mtoto. Ameufungua mkebe wangu, ameitoa, ameisafisha, ameishika mkononi. Angeweza kuirudisha mahali pake akaondoka na pikapu yake siku hiyo hiyo, nami ningesema nini? Ameirudisha katika mkebe, akanisubiri. Sasa naelewa pia ni nani aliyekuletea habari kwamba kuna mtu ana kitu moyoni, na nani aliyetaja jina la kwanza kwenye orodha.

Nimetoka nje kidogo, mvua imeanza kupungua. Nimefungua mlango wa pikapu nikachungulia. Miezi mitatu nimepita pale nikitazama upande mwingine, na Januari nililiona koti tu, sikuangalia ni kiti kipi. Kiti cha kulia, cha dereva, kimeshonewa gunia tu. Koti langu liko kushoto, kola ikiwa juu, kama mtu aliyekwisha kupanda na anangoja wenzake. Mzee, nimesimama pale mpaka nikalowa.

Rota iko mfukoni mwangu. Sijairudisha, na sitairudisha kimyakimya. Nikiirudisha kimya motokaa itawaka na kile kingine kitabaki pale pale, na nyinyi wazee mnajua jambo hilo kuliko mimi. Mambo ya maombi matatu yaacheni, hasa lile la rejeta. Nakuomba tu uje na barua hii Jumamosi. Mimi kusema mbele ya watu siwezi, nitacheka tena kama siku ile. Bernard asome, kwa sauti, namba moja mpaka tisa, na ile ya nne isomwe vilevile ingawa nimeifuta, na nyongeza hii pia, Wakesho akiwa amesimama pale. Halafu mnipe miwa, niwe wa kwanza. Kisha nitaweka rota mahali pake kwa mkono wangu, na kama atakubali nikae penye koti langu, nitakaa.

Sasa hivi ameuliza kutoka jikoni kama nimepata gundi ya bahasha. Nimemjibu kwamba nimepata. Akasema vizuri, na akaniletea chai mwenyewe.

Tafadhali miwa iwe mingi. Mdomo mmoja hautanitosha.

F.M.